Miguu Niliyoitengeneza Mwenyewe

Vijana wangu, mguu wa bandia hauanzii kwenye mguu. Unaanzia kwenye kiatu. Mtu akiingia karakana na magongo yake, kabla hujakoroga plasta, kabla hujashika utepe wa kupimia, muulize, "Utavaa kiatu gani?" Ukitengeneza mguu wa kufuata kiatu bapa, halafu Jumapili mama wa watu avae chenye kisigino, atatembea ndani ya kanisa kama anayeshuka mlima, na wa kulaumiwa utakuwa wewe. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini, kwanza kwetu Ukambani, kisha hapa Maryland, na kuna siku nilisahau kuuliza habari ya kiatu. Sitawatajia walioyumba.

Nayasema haya kwa sababu yenu. Juzi kwenye nyama choma ya kanisa, pale bustanini Wheaton, mlinizunguka na sahani zenu mkaniuliza, "Uncle, kwani wewe ulipata makaratasi aje?" Nikajibu kwamba niliyapata kwa kutengeneza miguu. Mmoja wenu, simtaji lakini alikuwa ameshika mbavu mbili kwa mkono mmoja, akasema, "Uncle, wacha jokes. Ni lottery ama ulioa mzungu?" Nimeoa mara moja tu, tena Machakos, na bahati nasibu sijawahi kushinda hata ya jogoo. Nikaona mkicheka, nikaona pia kwamba wengine wenu hamkuwa mnacheka sana, kwa maana viza zenu zinahesabu siku. Basi nimekaa niwaandikie. Nimestaafu, nafasi ninayo, na goti langu mwenyewe limeanza kulia nikipanda ngazi. Mungu ana utani wake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nthiwa, fundi mkuu wa karakana ya miguu katika hospitali ya misheni kule kwetu. Alikuwa mfupi, mweusi tititi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na alipenda kazi hata akawa anazungumza na plasta. "Plasta ina hasira," alikuwa akituambia. "Ukiipa maji ya moto inakasirika upesi. Ukiipa chumvi inakasirika zaidi." Mimi, nilipokuwa mgeni, nilitaka kumfurahisha kwa kumaliza mapema, nikatia maji ya moto na chumvi pamoja. Kabla sijageuka, ndoo nzima ilikuwa imekuwa jiwe, na kijiti cha kukorogea kimesimama katikati kama mlingoti wa bendera. Mzee hakunigombeza. Alipasua ndoo, akalitoa lile jiwe la plasta, akalipindua, akaliweka mlangoni. "Hiki ni kiti chako," akasema. "Kila ukila chakula cha mchana utakalia kosa lako." Nililikalia mwaka mzima. Baadaye nikalizoea, na siku wageni walipolikalia niliona wivu.

Alinifundisha kushika kigutu nikiwa nimefumba macho. Kigutu ni ile sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, na kila kigutu kina tabia zake. Kuna mahali pa kubeba uzito, kama chini kidogo ya kifuniko cha goti, na kuna mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, ukipabana mwenyewe atalia. Kwa hiyo ukishamwaga plasta na kupata umbo la kigutu, lile litakalofinyangiwa plastiki ya mguu, unalichonga kwa tupa pale palipo na nyama, na unaongeza plasta kidogo pale palipo na mfupa. Huo ndio ujuzi wote, na utakuchukua miaka. Macho yatakuambia umefika, kidole kitakuambia bado. Mzee alikuwa akisema, "Sikiliza kidole."

Siku hizi mambo ni mengine. Mtu anapita na kamera juu ya kigutu, picha inaonekana kwenye kompyuta, na mashine inachonga au inachapa huku wewe unakunywa kahawa. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe nilijifunza, nikaisifu ile kamera, maana haina matope na mteja haendi nyumbani na plasta kwenye suruali. Ila hata siku ya mwisho kabla sijastaafu, mashine ilipotoa umbo, nilifumba macho nikalipapasa. Mara nyingi mashine ilikuwa sawa. Mara nyingine nilichukua tupa.

Turudi kwa Mzee. Katika karakana ile kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote. Kila mguu uliotoka mlangoni ulikuwa wa Mzee. Huenda hakuugusa, lakini mgonjwa akisimama na kupiga hatua ya kwanza, akilia kwa furaha, alimshukuru Mzee, nasi tulisimama nyuma tumefunga mikono. Hatukuona ubaya. Mtoto akichota maji, si kisima kinachosifiwa? Tena tulilelewa na ile methali, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu wa kujisifu kwetu alionekana hana adabu, au ana deni analotaka kulificha.

Kisha mikono ya Mzee ilianza kutetemeka. Kwanza ilikuwa kikombe cha chai. Halafu tupa ikaanza kuruka juu ya plasta. Siku moja nilimwona ameharibu umbo la kigutu cha mtoto wa shule, amesimama anaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nilisogea, nikaichukua ile tupa kutoka mkononi mwake polepole, nikaendelea pale alipoachia. Naye alikwenda kukaa kwenye kile kiti cha plasta mlangoni. Tangu siku hiyo, kwa miaka, Mzee alikaa pale akizungumza na wagonjwa, akiwauliza habari za viatu na za mashamba, na mimi nyuma ya pazia nikitengeneza miguu. Wagonjwa waliendelea kumshukuru yeye. Nami niliendelea kufunga mikono. Nilimpenda yule mzee, na niliona kuilinda heshima yake ni sehemu ya kazi.

Nilifikaje Amerika? Kwa kushika upindo wa nguo ya mke wangu, wala sioni haya kusema. Mama Mumo alipata kazi ya uhasibu katika shirika moja la kimataifa pale mjini Washington, kwa mkataba. Viza ilikuwa yake. Mimi na watoto wetu wawili tulikuwa tumeshikamana nayo kama kupe. Tukapanga nyumba Adelphi, watoto wakaingia shule, na mimi nikaombewa kibali cha kufanya kazi. Nilizunguka na basi mpaka nikaiona karakana moja ndogo Wheaton, nyuma ya duka la matairi, ina picha ya mguu mlangoni. Mwenyewe anaitwa Dale, mtu mrefu wa maneno machache. Hakuniuliza vyeti. Alinipa umbo la plasta na tupa, akasema, "Nionyeshe." Nikafumba macho. Aliponiona nimefumba macho, akaketi.

Mguu wangu wa kwanza hapa ulikuwa aibu tupu. Nilimtengenezea mzee mmoja wa Woodbridge, aliyefanya kazi posta kabla ya kustaafu. Nikautengeneza kama wa kwetu, mnene, imara, wa kukanyaga matuta ya shamba lililolimwa na kuvuka mto wakati wa mvua. Yule mzee akauvaa, akazunguka mara moja, akaniuliza kwa upole kama nadhani ana ng'ombe. Alitaka wa kuchezea gofu. Dale alicheka mpaka akatoka nje. Nikajifunza: uliza kiatu, halafu uliza anakwenda wapi nacho.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa Bi Loretta, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu. Alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni ujanani mwake kwa kupenda tu, na hakukiacha. Siku ya kwanza aliingia na magongo yake, akasikia natoka Kenya, akasema, "Shikamoo, fundi." Nusura niangushe ndoo. Mimi Mkamba, shikamoo niliiacha kwenye kitabu cha shule ya msingi, na tena mama yule alinizidi umri, kwa hiyo salamu ilikuwa imepinduka juu chini. Nikaitikia tu marahaba, nifanyeje?

Bi Loretta alitaka viatu vya kisigino vya kanisani. Nilihangaika na kifundo cha mguu ule mpaka kikakaa. Aliposimama akatembea toka ukutani mpaka mlangoni, hakuyumba. Akaniambia, "Fundi, umeutengeneza vizuri sana."

Nikajibu kama nilivyolelewa. "Tumejaribu tu, mama."

"Mmejaribu? Wewe na nani?"

Nikatazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

"Bwana Kioko," akasema, "mimi nimefundisha watoto miaka mingi. Mtoto akifanya vizuri akakataa kusema ni yeye, kuna siku watampa sifa yake mtu mwingine. Mtu akikusifu, sema asante."

Nikasema asante. Lilinitoka kwa shida, kama jino.

Sasa ndiyo nafika pale mlipouliza. Mkataba wa Mama Mumo ulikuwa unaelekea mwisho, na shirika lilishamwambia hautaongezwa tena. Ukiisha, viza imekwisha, na sisi sote tunafunga mizigo. Mumo alikuwa sekondari, mdogo wake alikuwa hajui Kenya ila kwa picha. Jioni moja Mumo alisimama jikoni akaniuliza, "Daddy, are we moving? Because niambie tu, nisijaze hiyo form ya band." Nikamwambia ajaze. Sikuwa na uhakika hata kidogo.

Dale ndiye aliyeufungua mlango. Aliniambia, "Kioko, nimetafuta mtu kama wewe miaka mingi. Nitakuombea ukae." Akanipeleka kwa wakili aliyemwamini, mama mmoja mzaliwa wa Lubumbashi aitwaye Mapendo, mwenye ofisi ndogo juu ya duka la nywele. Wakili Mapendo alinieleza, nami nawaeleza nyinyi. Sheria ya hapa ina mlango wa wafanyakazi wenye ujuzi. Si lazima uwe daktari. Kazi iwe ya kudumu, iwe inahitaji angalau miaka miwili ya mafunzo au uzoefu, na mwajiri aitangaze kwanza, aonyeshe ametafuta mtu wa hapa anayefaa na yuko tayari, akakosa. Dale akatangaza. Walikuja wachache, hakuna aliyewahi kuchonga umbo. Serikali ikaridhika na hilo. Ila upande wangu nami nilitakiwa kuthibitisha kwamba ujuzi huo nilikuwa nao kabla ya kuingia kwa Dale. Miguu yote niliyotengeneza Wheaton haikuhesabiwa. Iliyohesabiwa ni ile ya kwetu, na shahidi wake alikuwa mmoja tu, Mzee Nthiwa.

Nilimpigia simu, nikamwomba barua. Alifurahi mno. Barua ikaja na mhuri wa hospitali, nami nikaipeleka kwa Wakili Mapendo nikitembea kifua mbele. Akaisoma. Akaisoma tena. Barua ilisema kwamba Kioko ni kijana mwenye nidhamu, mcha Mungu, wa jamaa ya heshima. Hajawahi kuchelewa kazini. Hanywi pombe. Anaimba besi katika kwaya na ni mtiifu kwa wakubwa. Amekuwa msaidizi wangu mwema kwa miaka mingi, na ninamwombea baraka huko ng'ambo.

"Papa Kioko," Wakili Mapendo akasema, "hii barua iko muzuri sana. Iko ya kupeleka mu kanisa. Lakini bale batu ba serikali banataka kujua: ulifanyaka nini na mikono yako?"

"Lakini Mama Wakili, amesema hajawahi kuniona nimelewa."

"Eh, hata miye sijakuona umelewa. Sitakupa dokima, karatasi ya kukaa Amerika, juu ya ile!"

Alitaka tuombe nyingine. Mimi nikasema haiwezekani, mzee ametoa barua kwa moyo wake, nitamrudishia kama mwalimu anayemrudishia mtoto insha? Nikashikilia hivyo hivyo, naye akapeleka ile ile pamoja na maelezo yake mwenyewe, akinionya. Onyo lake likatimia. Serikali ikarudisha jibu: onyesheni kazi alizozifanya mwombaji kwa mikono yake. Barua inasema alikuwa msaidizi. Kazi inayoombwa ni ya fundi. Tukapewa muda wa kujibu, na muda huo na mkataba wa Mama Mumo vilikuwa vinakimbizana.

Vijana, eleweni shida yangu. Neno "msaidizi" Mzee hakuliandika kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa midomoni mwetu sote. Ili niitwe fundi katika miaka ile, ilibidi mtu mmoja aandike kwamba fundi mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni. Ilibidi nimwombe mzee aliyenipa mikono aandike kwa serikali ya watu kwamba mikono yake ilikufa. Nilijizungusha siku kadhaa nikitafuta njia nyingine. Nilimwambia hata Mama Mumo kwamba afadhali turudi nyumbani.

Mama Mumo alikuwa anapiga pasi. Hakuinua uso. "Baba Mumo," akasema, "turudi kwa sababu mkataba umeisha, nitapanga masanduku na nitaimba. Turudi kwa sababu wewe unaogopa kupiga simu, sitakusamehe. Unamlinda Mzee, lakini umemuuliza kama anataka kulindwa?"

Nikapiga simu Jumamosi asubuhi, kwao ikiwa alasiri. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za mvua, za mbuzi, za kanisa, za kila mtoto wake mpaka nikawamaliza. Akaniambia, "Kioko, hii simu unalipia wewe. Sema."

Nikasema. "Mzee, wanataka kujua ni nani alikuwa anatengeneza miguu."

Nikasikia kuku kwake.

"Na wewe umewaambia ni nani?"

"Sijawaambia kitu, Mzee. Ile ilikuwa karakana yako."

"Karakana ilikuwa yangu. Mimi nauliza miguu." Kisha akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Kioko, kwani ulidhani watu hawakujua? Nilikuwa namwaga chai hata arusini. Wagonjwa walijua, daktari alijua, mpishi alijua. Aliyekuwa hajui kwamba wanajua ni wewe, huko nyuma ya pazia."

"Sikiliza," akaendelea. "Mikono yangu ilipokataa, nilikaa mlangoni nikasikiliza tupa yako. Nilikuwa najua kwa sauti yake ukikosea. Siku moja nikasikiliza mpaka jioni, sikusikia kosa. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu achinje kuku. Hukujiuliza mbona kesho yake nilikuja na nyama kazini? Sasa unaniogopa nini? Fundi asiyeacha fundi, alifanya kazi gani?"

Nililia, vijana. Mama Mumo alizima pasi akaja akakaa karibu nami.

Barua ya pili ilieleza kila kitu. Ilisema tangu mikono ya Mzee ilipoanza kutetemeka, miguu iliyotoka katika karakana ile, ya chini ya goti na ya juu ya goti, ilitengenezwa na Kioko mwenyewe, kuanzia kufunga plasta, kuchonga, kuoka plastiki kwenye tanuri, mpaka hatua ya kwanza ya mgonjwa. Daktari wa hospitali akaongeza yake kuthibitisha. Karani wa hospitali alitaka kumsaidia Mzee kutia sahihi. Mzee alikataa, akaandika jina lake mwenyewe chini, na herufi zikapanda na kushuka mpaka pembeni mwa karatasi. Karani aliniambia baadaye kwamba Mzee alisema, "Acheni ilivyo. Waone." Kwaya haikutajwa mara hii. Wakili Mapendo aliishika barua ile kwa mikono miwili, akasema, "Papa, huyu muzee anakupenda." Nikasema najua.

Ikakubaliwa. Ombi la mwisho, la ukaazi wa kudumu, likaingia kabla mkataba wa Mama Mumo haujaisha, tukaruhusiwa kusubiri. Mumo akapiga tarumbeta lake nyumba nzima ikatikisika.

Basi nikaitwa kuchukuliwa alama za vidole, na hapo kazi ikanicheka tena. Dada wa mashine alikandamiza kidole changu kwenye kioo, akatazama, akakandamiza tena. Akakipangusa. Akanipa mafuta nipake. Kioo kilionyesha ukungu tu. Miaka ya plasta na tupa ilikuwa imenilamba ngozi mpaka ikawa laini kama sahani. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akaita mwenzake waone. Niliambiwa nirudi siku nyingine, na katikati nisishike plasta. Dale alinipa likizo, nikakaa nyumbani nimevaa glavu za Mama Mumo za kuoshea vyombo, vidole vimejaa mafuta, watoto wakinipiga picha. Mara ya pili mashine ilikubali, shingo upande.

Kwenye usaili wa uhamiaji, ofisa alikuwa mama wa makamo, mtulivu. Alizitoa zile barua mbili akaziweka sambamba mezani. "Hizi zimetoka kwa mtu mmoja," akasema. "Hii inasema ulikuwa msaidizi. Hii inasema ulikuwa fundi. Ipi ni ya kweli?"

Mama Mumo alinigusa kwa goti chini ya meza.

"Zote ni za kweli," nikajibu. "Ya kwanza ni heshima ya kwetu. Ya pili ni kazi."

"Miguu hii aliitengeneza nani?"

Nikamfikiria Bi Loretta na visigino vyake. Nikamfikiria Mzee kwenye kiti cha plasta, ametega sikio. "Mimi," nikasema. "Niliitengeneza mimi mwenyewe."

Akaniuliza huwa naanzaje. Nikamwambia naanza na kiatu, na bila kukusudia nikatazama chini ya meza, naye akatazama viatu vyake, tukacheka wote. Akauliza na mengine, nikaeleza plasta, nikaeleza mfupa na nyama, mikono yangu ikichonga hewani. Sikusema tulijaribu hata mara moja. Tulipotoka nje Mama Mumo alisema hajawahi kunisikia nikiongea vile tangu siku nilipomposa.

Ndiyo hivyo nilivyopata makaratasi, wewe wa mbavu mbili. Sheria hubadilika, kwa hiyo ya leo muulize wakili wa kweli, si mjomba wa kwenye kundi la simu. Ila hili halibadiliki: kazi unayoifanya leo itataka shahidi kesho. Mwambie mwalimu wako akutazame vizuri, na akikuuliza nani amefanya, mtaje aliyekufundisha, kisha ujitaje na wewe.

Kadi ya ukaazi ilipofika, safari ya kwanza niliyofunga ilikuwa ya nyumbani. Nilimkuta Mzee Nthiwa uani kwake, amekonda, amekalia kitu ambacho nilikitambua kabla sijamtambua yeye. Alikuwa amelichukua lile jiwe la plasta siku aliyostaafu. Aliniinukia, akanipisha. "Kaa," akasema, "ni lako." Nikakaa. Nikatoa kadi nikampa kwa mikono miwili.

Aliishika huku ikitetemeka. Akaitazama picha, akasema nimenenepa. Akaileta karibu na macho, akaona ile alama ya kidole iliyochapwa pale chini, hafifu, nusu yake haipo.

"Hii mbona imefutika?"

"Ni plasta, Mzee. Imenimaliza vidole."

Akanishika mkono, akapitisha kidole chake juu ya ncha ya kidole changu, polepole, amefumba macho.

"Plasta yangu," akasema.